Fumbo moja kila jioni: hesabu ya mtihani inafundishika hata bila kitabu

Mtoto wa darasa la sita aliyekimbia vita na wazazi wake, akakosa masomo miezi kadhaa, kisha akaanza tena kusoma chini ya bashi, mwisho wa mwaka atapewa maswali yale yale anayopewa mtoto wa mjini ambaye hakukosa hata siku moja. Mtihani wa taifa wa kumaliza shule ya msingi, ule ambao wengi wetu bado tunauita TENAFEP, haumwulizi mtoto amelala wapi. TENASOSP ya darasa la nane ni vilevile, na mtihani wa serikali, yaani Examen d'État, ni vilevile. Kwa familia iliyoacha shamba, nyumba na mbuzi, masomo ya mtoto ndiyo mali pekee isiyobebwa kichwani siku ya kukimbia. Ndiyo maana namna tunavyowaandaa watoto hawa kwa somo la hesabu si jambo dogo.

Maoni yangu ni haya: tuwape watoto mafumbo ya kufikiri, kila siku, hata kwa robo saa tu. Si kwa kuwafurahisha tu. Mafumbo yanafundisha kitu ambacho mtihani wa kuchagua jibu unakipima kuliko tunavyodhani, nacho ni kusoma swali mpaka mwisho kabla ya kukimbilia kalamu.

Tuangalie tunavyofanya sasa. Ikibaki miezi miwili, wazazi wanatafuta makaratasi ya mitihani ya miaka iliyopita. Mtoto anakariri: swali hili, jibu ni la tatu, swali lile, jibu ni la kwanza. Mwaka ukifika, namba zimebadilika na mtoto amepotea. Kuna wengine wanaenda mbali zaidi. Wananunua kwa simu majibu ambayo mtu fulani anaapa kwamba ndiyo yenyewe. Pesa ya chakula inaenda, na mtoto anaingia kwenye chumba cha mtihani akiwa amejifunza kitu kimoja tu, kwamba hesabu ni kitu cha kubahatisha.

Chukua swali la aina ambayo mtoto wa darasa la sita anaweza kukutana nayo. Mama mmoja alinunua magunia 4 ya maharagwe, kila gunia kilo 60. Aliuza robo tatu ya maharagwe yote. Alibaki na kilo ngapi? Majibu ya kuchagua: 240, 180, 60, 45. Mtoto anayejua kuzidisha atapata 240, na kama ana haraka atasimama hapo. Mwingine atatafuta robo tatu ya 240, apate 180, afurahi, aweke alama. Lakini 180 ni kilo zilizouzwa. Mwingine atasahau kwamba magunia ni manne, atafute robo tatu ya 60, apate 45. Jibu ni 60. Tazama vizuri: hakuna jibu la uongo lililowekwa hapo bure. Kila moja linamngoja mtoto mwenye haraka kwenye njia yake. Mtoto huyo hakushindwa kuhesabu. Alishindwa kusikiliza anaulizwa nini.

Hapo ndipo fumbo linasaidia. Hapa kwetu upande wa Beni na Butembo, kila mtu anajua majina ya Kinande yanavyofuatana kwa vijana: Paluku, Kambale, Kasereka, Kakule. Basi mwulize mtoto: mama mmoja ana vijana wanne, Paluku, Kambale, Kasereka na Kakule, na kila mmoja wao ana dada mmoja. Watoto wa mama huyo ni wangapi? Wengi watajibu wanane bila kufikiri. Ni watano, kwa sababu dada ni yule yule mmoja kwa wote. Mtoto aliyenaswa hapo mara moja atacheka, na kesho yake atasikiliza neno "kila" kwa masikio mawili. Neno hilo hilo liko kwenye swali la magunia.

Fumbo lingine linataka bidoni tu, na bidoni hazikosekani mahali watu wanapanga mstari wa maji. Una bidoni moja ya litri 5 na nyingine ya litri 3, hazina alama yoyote. Unataka litri 4 kamili. Utafanyaje? Mwache mtoto ajaribu kwa maji, amwage, aanze tena. Njia moja ni hii: jaza ile ya 5, mimina ndani ya ile ya 3 mpaka ijae, zitabaki litri 2. Mwaga ile ya 3 ndani ya ndoo, maji yasipotee, kisha weke zile litri 2 ndani yake. Jaza tena ile ya 5, na uongeze kwenye ile ya 3 ambayo inahitaji litri 1 tu. Katika ile ya 5 zimebaki litri 4. Mtoto hapo amejumlisha, ametoa, amepanga hatua moja baada ya nyingine, na amejifunza kwamba jibu lisilopatikana mara moja halimaanishi kwamba yeye ni mjinga.

Wala mtu asiseme mambo haya ni ya wageni. Mwanzoni mwa karne ya 20, Emil Torday, mtafiti mwenye asili ya Hungaria, alikuta watoto wa Wakuba hapa Kongo wakichora mchangani michoro migumu kwa mstari mmoja, bila kuinua kidole na bila kupita mara mbili kwenye mstari ule ule. Mchezo huo una sheria yake. Hesabu sehemu ambazo mistari inakutana. Kama sehemu zenye mistari ya idadi isiyogawanyika kwa mbili zinazidi mbili, usijisumbue, haiwezekani. Chora mraba, uvuke kwa mistari miwili kutoka pembe hadi pembe: kila pembe ina mistari mitatu, na pembe ni nne, kwa hiyo haiwezekani. Ongeza paa juu yake kama nyumba, na sasa inawezekana, mradi uanzie pembe moja ya chini. Kwa nini? Mwache mtoto ahesabu mwenyewe. Na si mbali na hapa, Ishango, pale mto Semuliki unapotoka kwenye ziwa Edward, Jean de Heinzelin alifukua mwaka 1950 mfupa wenye alama zilizochongwa kwa mafungu, wa miaka kama 20.000 iliyopita. Watafiti wengi wanaona hapo alama za kuhesabu. Mfupa wenyewe uko Brussels, lakini udongo ulikotoka ni huu wetu.

Najua walimu wengine watanijibu: mtoto amekosa nusu ya mwaka, wewe unaleta michezo? Wana haki ya kuuliza. Fumbo halitamfundisha mtoto kugawanya sehemu kwa sehemu. Halitamwambia eneo la pembetatu linatafutwa vipi, wala hektari moja ina ari ngapi. Mtoto asiyejua kuzidisha 7 kwa 8 hataokolewa na fumbo lolote. Programu ya masomo lazima ifuatwe, na kwa mtoto aliyekosa masomo, lazima mtu akae naye na kurudi nyuma. Ninachosema ni kwamba robo saa ya fumbo kabla ya somo haiibi muda wa programu. Inaamsha kichwa kitakachoipokea. Na kwa mtoto aliyepitia kelele za risasi, ambaye akiona daftari la hesabu anafunga uso, fumbo linaweza kuwa mlango wa kuingilia tena.

Kuna jambo lingine linalowaangusha watoto wetu: mtihani uko kwa Kifaransa. Kiswahili ni moja kati ya lugha nne za taifa, na ndicho watoto wengi wa huku wanachofikiria nacho, lakini karatasi haiwangoji watafsiri. Kwa hiyo fumbo lifanywe kwanza kwa Kiswahili au Kinande, mpaka mtoto aelewe. Kisha fumbo lile lile lisemwe kwa Kifaransa, na mtoto aonyeshwe yale maneno madogo yanayogeuza swali: "chacun", "reste", "sauf", "au moins". Mtoto anayejua kwamba "reste" inauliza kilichobaki hataweka alama kwenye 180.

Mzazi ambaye hakusoma anaweza kufanya kazi hii pia, na hapa nasema hasa na akina mama na babu walio na watoto jioni. Si lazima ujue jibu haraka kuliko mtoto. Swali lako liwe moja tu: umejuaje? Mtoto akieleza njia yake kwa sauti, atasikia mwenyewe pale alipokosea. Na akipata jibu bila kuweza kueleza, mwambie bado.

Nina ombi pia kwa redio zetu za jamii. Familia nyingi zilizohama hazina kitabu, lakini hazikosi jirani mwenye redio. Baada ya habari za jioni, dakika tatu zinatosha: fumbo moja leo, jibu na maelezo yake kesho. Walimu waliohama nao wapo, wengi wamekaa bila darasa. Waitwe, watunge mafumbo kwa maneno ya huku. Wanaosimamia kambi na shule zilizopokea watoto wa vita wanaweza kubandika fumbo la wiki karibu na sehemu ya kuchota maji, ambapo watoto wanapoteza saa nyingi wakingoja.

Tunaweza kuanza leo, bila kungoja redio. Mtu amefika kwenye mto Semuliki akiwa na chui aliyefungwa kamba, mbuzi, na fungu la majani ya viazi. Mtumbwi unabeba yeye na kitu kimoja tu. Akiwaacha peke yao, chui atakula mbuzi, na mbuzi atakula majani. Atavukaje na vyote vitatu vikiwa salama? Anayefikiri vizuri atavuka mto mara saba, kwenda na kurudi zikihesabiwa zote. Waulizeni watoto usiku huu, na msiwaambie haraka.