Usiishi Nairobi Kama Abiria



Andiko la leo: Mwanzo 41:50-52 na Mwanzo 50:24-26. Ukipata nafasi soma pia Yeremia 29:1-10.

Kila Januari, mabasi yakisharudisha watu kutoka nyumbani, naona jambo lilelile katika ibada za kwanza za mwaka. Mwili umefika Nairobi, moyo umebaki njiani. Mtu amekuja na gunia la mahindi na kuku wawili, lakini ukimtazama usoni unajua bado hajafika. Halafu jumbe zinaanza kuingia kwenye simu yangu. "Pasta, niombee Mungu anifungulie mlango nirudi nyumbani." "Pasta, huu mji unanimaliza." "Pasta, tangu nihamie hapa sijapata usingizi kama ule wa kwetu."

Leo nawajibu wote pamoja, kwa sababu hili jambo ni kubwa kuliko tunavyodhani. Limefanya watu wa Mungu wakae katika mji huu miaka kumi, kumi na tano, bila kuishi.

Kwanza, kukumbuka nyumbani si dhambi. Usikubali mtu akwambie eti ukilia kwa ajili ya kwenu umegeuka mke wa Lutu. Mke wa Lutu alitazama nyuma kwenye mji uliokuwa chini ya hukumu. Wewe unamkumbuka mama yako. Hayo ni mambo mawili tofauti. Nehemia alikuwa na kazi nzuri katika jumba la mfalme kule Shushani, lakini aliposikia kuta za Yerusalemu zimebomoka aliketi akalia, akafunga na kuomba. Mungu hakumkemea kwa machozi yale. Aliyatumia.

Mimi ni mtu wa Kitale. Mwezi wa nne ukifika, mvua ikinyesha hapa na barabara zikigeuka mito, mimi nakumbuka harufu ya shamba la Trans Nzoia lililolimwa jana. Nakumbuka asubuhi za baridi, Mlima Elgon upande huu na Milima ya Cherangani upande ule. Nakumbuka mahindi mabichi ya mwezi wa nane, ambayo mtu hanunui, anaingia tu shambani anavunja. Kwa hivyo mimi si mtu wa kukwambia usahau kwenu.

Pili, tusikilize vile sisi wenyewe tunaongea. Mtu ameishi Nairobi miaka ishirini. Ukimwuliza anakaa wapi, anakwambia ana nyumba Umoja. Ukimwuliza nyumbani ni wapi, anataja Kisii, au Siaya, au Mwingi. Nyumba iko hapa, nyumbani ni kule. Sioni ubaya katika maneno hayo. Ubaya unaingia pale mtu anapoanza kuishi katika mji huu kama abiria aliye steji.

Mtazame abiria. Hafagii steji. Hapandi mti steji. Hamwulizi aliye kando yake jina, ya nini, na gari likija kila mtu atashika njia yake? Anakumbatia mkoba wake na kuangalia gari litakakotokea. Sasa fikiria mtu anayeishi hivyo miaka kumi na mitano.

Nimeona matunda yake. Kuna kijana alikuwa akija ibada kila Jumapili, anaketi nyuma, na baraka za mwisho zikitolewa ameshatoka. Ukimwalika kwenye ushirika wa mtaa anasema, "Pasta, mimi niko hapa kwa muda tu." Siku moja aliugua akiwa peke yake chumbani. Siku ya tatu mlinzi wa ploti ndiye aliyeshangaa kwamba hajamwona, akagonga mlango, akaita watu. Hakuna jirani aliyejua jina lake. Alikuwa "yule wa namba kumi na nne." Simu imefungwa, watu wake wako mbali magharibi, na hapa mjini hakuna aliyekuwa na namba ya hata mmoja wao. Namshukuru Mungu alipona. Lakini nauliza: alikuwa amekaa katika ploti ile miaka sita. Hiyo ni "kwa muda tu" ya namna gani?

Na takwimu zinaonyesha hatari hii si ya mtu mmoja. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 4,397,073 katika kaunti ya Nairobi, na kwa wastani kaya moja ilikuwa na watu 2.9, wakati wastani wa nchi nzima ulikuwa 3.9. Maana yake hapa tuko wengi, lakini nyuma ya kila mlango tuko wachache. Nyumbani ukiugua, shangazi atajua kabla hujajua wewe mwenyewe. Hapa, usipojulikana kwa kukusudia, hutajulikana.

Tatu, tuwe wakweli kuhusu kumbukumbu zetu. Katika Hesabu 11 wana wa Israeli jangwani waliikumbuka Misri. Walikumbuka nini? Samaki, matango, matikiti, vitunguu. Chakula chote walikitaja. Hakuna aliyetaja matofali. Hakuna aliyetaja viboko vya wasimamizi. Moyo uliochoka ukikumbuka, unachagua.

Mimi pia nikikumbuka Kitale, nakumbuka mahindi na ukungu. Lakini ni Kitale hiyohiyo ambapo mwanzoni mwa mwaka 2008 majirani walifukuzana, na uwanja wa maonyesho ukajaa mahema ya watu waliotoka majumbani mwao usiku. Mungu ametuponya na anaendelea kutuponya, lakini lilitokea. Usichukue siku mbaya ya Nairobi ukaipima na siku nzuri ya kwenu. Pima siku mbaya kwa siku mbaya.

Na kuna jambo lingine ambalo hunigusa sana. Kitale ninayoililia ilijengwa na watu waliokuwa wakililia kwingine! Baada ya uhuru, mashamba makubwa ya walowezi yalipoanza kugawanywa na kununuliwa, familia zilikuja Trans Nzoia kutoka Bungoma, kutoka Vihiga, kutoka Kisii, kutoka Kati. Walikuta wenyeji wao, Wasabaot na Wapokot. Wengi hawakujua lugha ya jirani. Jioni walikuwa wakizungumza juu ya "nyumbani," na nyumbani haikuwa Kitale. Lakini walipanda miti. Walijenga makanisa ya matope. Walichimba visima, wakaanzisha shule, wakazikana. Leo watoto na wajukuu wao tuko Nairobi tunaililia Kitale kama vile ilishuka kutoka mbinguni ikiwa tayari.

Mpendwa, nyumbani unakokumbuka ni kazi ya mikono ya wageni waliokataa kuwa abiria. Sasa ni zamu yako. Kuna mtoto hapa Pipeline, au Githurai, au Kayole, ambaye miaka thelathini ijayo ataukumbuka mtaa huu kwa machozi. Atakumbuka nini? Itategemea kama sisi watu wazima tulipanda chochote.

Hapo ndipo Yusufu anatufundisha. Hesabu miaka yake. Aliuzwa akiwa na miaka 17. Alisimama mbele ya Farao akiwa na miaka 30. Alikufa akiwa na miaka 110. Miaka 93 Misri! Na hakwenda kwa kupenda, aliuzwa na ndugu zake. Kama kuna mtu aliyekuwa na haki ya kununa na kusema "mimi si wa hapa," ni Yusufu. Lakini tazama majina aliyowapa watoto wake. Wa kwanza alimwita Manase, jina la kusahau, kwa kuwa Mungu alimsahaulisha taabu yake na nyumba ya baba yake. Wa pili alimwita Efraimu, jina la kuzaa matunda, kwa kuwa Mungu alimzalisha katika nchi ileile ya mateso yake.

Na je, alikuwa amesahau kweli? Ndugu zake walipokuja, neno lake la kwanza baada ya kujitambulisha lilikuwa kuuliza kama baba yake bado yu hai. Mtu aliyesahau haulizi hivyo. Kwa hivyo nasoma jina la Manase hivi: Mungu aliondoa uchungu, akaacha upendo.

Yakobo alipokufa, Yusufu aliomba ruhusa kwa Farao, akaenda kumzika baba yake Kanaani. Sisi Wakenya tunaielewa safari hiyo vizuri sana. Lakini soma Mwanzo 50:14. Baada ya mazishi alirudi Misri. Alilia nyumbani, akamzika baba, akarudi kazini. Na mwishowe alipokuwa anakufa aliwaapisha watu wake kwamba Mungu atakapowatoa Misri wabebe mifupa yake. Musa aliibeba. Ikazikwa Shekemu.

Yusufu aliipa Kanaani mifupa yake na akaipa Misri jasho lake. Aliyapenda yote mawili. Wengi wetu tumegeuza: tunaipa Nairobi mifupa, yaani mwili unaokwenda kazini na kurudi, na mapenzi yote, mipango yote, maombi yote tumeyatuma kwa basi.

Najua kuna anayesema, "Pasta, wewe huelewi. Mimi sikuja hapa kwa kupenda. Kazi ilinileta. Kodi inanikaba. Maji hayatoki. Nitawezaje kuupenda mji huu?" Nakusikia. Ndiyo maana nilikwambia usome Yeremia 29. Barua ile haikuandikwa kwa watu waliofuata kazi Babeli. Iliandikiwa mateka. Na Mungu aliwaambia wajenge nyumba wakae, wapande bustani wale matunda yake, waoe na kuozesha, na wautafute usalama wa mji ule na kuuombea, kwa sababu amani ya mji ndiyo ingekuwa amani yao.

Angalia pia sura iliyotangulia. Kulikuwa na nabii mmoja, Hanania, aliyetangaza kwamba ndani ya miaka miwili mambo yamekwisha, vyombo na mateka wanarudi. Unabii mtamu huo! Kanisa lingesema Amina mara saba. Lakini haukutoka kwa Bwana. Mungu alikuwa amesema miaka 70. Ukiamini miaka miwili, hutafungua hata sanduku la nguo. Ukijua ni miaka 70, utapanda mti. Mpendwa, huenda Mungu atakurudisha kwenu mwaka huu, na akikurudisha tutashangilia nawe. Lakini usimwache akukute hujapanda kitu.

Na wazazi, nisikilizeni. Efraimu alizaliwa Misri. Kanaani hakuijua. Mtoto wako amezaliwa hapa, lugha ya kwenu anaisikia kwa simu ya nyanya. Ukimwambia kila siku kwamba hapa si nyumbani, na kule anakwenda siku tano za Desemba, unalea mtoto asiye na nyumbani popote. Mfundishe kwao, mpeleke, ajue babu na makaburi ya wazee. Halafu mwambie pia kwamba Mungu yuko hapa mtaani kwetu, na hapa pia pana watu wa kupenda.

Neno fupi kwa upande wa pili. Wako waliozama katika mji hadi wamesahau mzazi. Unatuma pesa kila mwezi na hujasikia sauti ya mama tangu Pasaka. Pesa haina sauti. Yusufu alitaka kujua kama baba yu hai. Wewe uliza wiki hii, na usiulize kwa ujumbe.

Mambo matatu ya kufanya kabla ya Jumapili:

1. Jua majina ya majirani watatu katika ploti yako. Mmoja wao mpe namba ya mtu wa kwenu, na wewe uchukue ya mtu wa kwao.

2. Ingia katika ushirika wa mtaa ulio karibu nawe, uchukue kazi moja. Kama kanisa lililo karibu nawe si letu lakini linahubiri Yesu, nenda huko. Sisemi haya kwa ajili ya sadaka.

3. Panda kitu. Hata gunia la sukuma kwenye veranda ni bustani. Siku ya kwanza utakapovuna, mgawie mtu.

Waebrania 11 inatukumbusha kwamba hata Ibrahimu alikaa katika nchi ya ahadi ndani ya mahema, akitazamia mji ambao Mungu mwenyewe ameujenga. Ule ndio mji wetu wa mwisho, na hakuna atakayeumia moyo huko akikumbuka kwingine. Lakini Ibrahimu alipokuwa akiungoja alichimba visima, na watu wengine walikunywa.

Tuombe. Baba, mponye kila mmoja ambaye usiku huu mwili uko hapa na moyo uko mbali. Wabariki wazazi wetu mashambani. Ubariki mji huu wa Nairobi, na soko zake, na magari yake, na kila ploti yenye mtu asiyejulikana jina. Tupe Efraimu katika nchi hii. Katika jina la Yesu, Amina.

Andika hapa chini jina la kwenu na jina la mtaa unaoishi sasa. Tutaviombea vyote viwili katika kesha la Ijumaa.