Injini Mpya katika Mtambo wa Zamani



Mtu akipita katika mitaa ya Katuba, Kenya au Ruashi wakati wa kiangazi, huwaona vijana wamevua mashati, wanashindana na ardhi kwa sururu na beleshi. Mmoja achimba mtaro wa bomba la maji, mwingine shimo la choo, mwingine msingi wa nyumba. Udongo wetu wa Lubumbashi ni mwekundu na wapendeza macho, lakini ukikaa miezi michache bila mvua huwa mgumu kama tofali lililochomwa. Ndiyo sababu mafundi wengi siku hizi waulizana habari za mitambo midogo ya kuchimbia mitaro, ile inayofungwa nyuma ya gari na kuvutwa mpaka mahali pa kazi.

Mtambo wa namna hii una magurudumu mawili, miguu miwili ya kuukaza chini, kiti kimoja, mkono wa chuma wenye ndoo, na injini ndogo inayozungusha pampu ya mafuta. Si jambo jipya duniani. Huko Marekani, katika jimbo la Massachusetts, kampuni ya Wain-Roy iliuza mkono wa kuchimba unaosukumwa na mafuta, uliofungwa nyuma ya trekta, mwaka 1948. Huko Uingereza bwana Joseph Cyril Bamford alitoa wa kwake mwaka 1953. Mitambo midogo inayovutwa ni wajukuu wa ile. Mpya ni ghali, na kwa hiyo watu hutafuta iliyochakaa, wakisema: «Tutaitia injini mpya, nayo itafanya kazi.»

Juu ya neno hilo, «tutaitia injini mpya», tungependa kuzungumza nanyi juma hili. Kwani tumeona nyumba moja iliyolisema, na tumeona gharama yake.

Ni nyumba ya Katuba. Baba ni fundi wa zamani wa karakana za migodi. Watu wa namna yake ni wengi katika mji wetu, hasa tangu mwaka 2003, wafanyakazi zaidi ya 10,000 walipoiacha Gécamines kwa mpango wa kuondoka kwa hiari, wakarudi nyumbani na ufundi wao mikononi. Mzee huyu ana wana wawili na binti mmoja. Binti alikuwa mwanafunzi wetu, akisoma mambo ya mitambo.

Wana wale walipata mtambo wa kuchimbia uliokuwa umelala uani mwa mtu kwa masika matano. Injini yake ilikuwa imeganda, haizunguki hata kidogo. Mwenyewe akawapa kwa bei nafuu. Walikuwa wameahidiwa kazi ya kuchimba mitaro ya maji, nayo ilitakiwa kwisha kabla ya mvua za Novemba. Kwa haraka hiyo yule mkubwa akachukua fedha iliyowekwa kwa karo ya dada yake, akanunua injini mpya ya petroli ya nguvu za farasi 11. Baba alikuwa safarini. Aliporudi aliikuta injini imekwisha kufungwa, na binti amekwisha kurudishwa nyumbani kwa sababu ya karo.

Siku ya kwanza mtambo ulinguruma vizuri. Mkono uliinuka, ndoo ikajaa, majirani wakapiga vigelegele. Lakini baada ya nusu saa, mafuta yalipopata moto, mkono ukalegea kama mkono wa mgonjwa. Ndoo ikigusa udongo mgumu, yasimama. Injini yalia, ndoo haiendi.

Hapo ukaanza ugomvi. Mkubwa akasema muuza injini amewadanganya. Mdogo akamjibu, «Yaya, wewe ndiwe uliyekimbia na fedha ya watu.» Mkubwa akataka kwenda kukopa ili anunue injini nyingine iliyo kubwa zaidi. Mzee akawanyamazisha wote wawili. Akasema, «Wanangu, mgonjwa hajapimwa, nanyi mwagombana juu ya dawa. Mwiteni dada yenu aje na daftari lake.»

Wasomaji wapenzi, ili mfahamu alilofanya mzee, hatuna budi kueleza kwanza jinsi mtambo huu unavyofanya kazi. Mfaransa Blaise Pascal, aliyeishi tangu mwaka 1623 mpaka 1662, alifundisha kwamba maji au mafuta yaliyofungiwa, yakikandamizwa mahali pamoja, hupeleka mkandamizo uleule pande zote. Injini ya mtambo haiinui mkono. Yazungusha pampu tu. Pampu husukuma mafuta, mafuta hupita katika mipira minene, huingia katika jeki za chuma, na jeki ndizo zinazoinua mkono na kukunja ndoo. Jeki yenye upana wa sentimeta 6 ndani, ikipata mkandamizo wa bar 150, husukuma kwa nguvu ya tani 4 na zaidi. Basi, kama mafuta yavuja njiani, au pampu imelika ndani, hata injini ya gari kubwa haitasaidia. Ni kama kumpa moyo mpya mtu ambaye mishipa yake imetoboka.

Mzee akaanza na tangi la mafuta. Akalimwaga lote. Yalitoka mafuta meupe kama maziwa, dalili ya kuwa maji yamechanganyika nayo, na chini kulikuwa na tope la kutu. Wana wakainamisha vichwa, kwa kuwa walikuwa wameongeza mafuta mapya juu ya yale machafu bila kutazama. Kisha mzee akaazima saa ya kupimia mkandamizo, akaifunga karibu na pampu. Mafuta yakiwa baridi, mshale ulifika 150. Yalipopata moto, ukashuka chini ya 80. Vali ya usalama ikakaguliwa, ikaonekana nzima. Mgonjwa akajulikana: ni pampu. Kutu na maji vilikuwa vimekwaruza meno yake na nyumba yake, na mafuta yakiwa mepesi kwa joto yarudi nyuma ndani kwa ndani badala ya kwenda mbele.

«Basi tununue pampu kama hii hii,» akasema mkubwa. Mzee akamwambia binti, «Piga hesabu kwanza.»

Hesabu yenyewe si ngumu, na kila mwanafunzi aliyemaliza darasa la sita aweza kuifuata. Chukua lita ambazo pampu husukuma kwa dakika moja. Zidisha kwa bar za mkandamizo. Gawanya kwa 600, nawe wapata kilowati. Tena gawanya kwa 0.85, kwa sababu hakuna pampu isiyopoteza nguvu kidogo. Pampu ya zamani ilisukuma lita 30. Binti akaandika: 30 mara 150 ni 4,500, ukigawanya kwa 600 ni 7.5, ukigawanya tena kwa 0.85 ni kilowati 8.8, yaani karibu nguvu za farasi 12. Injini waliyonunua ilikuwa ya 11.

Nalo si hilo tu. Nguvu iliyoandikwa juu ya injini hupimwa kwa hewa ya karibu na bahari. Lubumbashi iko juu ya bahari kwa meta 1,200 na zaidi. Hewa yetu ni nyepesi kuliko ya pwani, na kwa kila meta 300 injini ya namna hii hupoteza karibu sehemu 3 au 4 katika 100 ya nguvu zake. Binti akapiga hesabu, akaona kwamba ile injini ya farasi 11, hapa kwetu, haifiki farasi 10. Kwa hiyo wangalinunua pampu mpya iliyo sawa na ile ya zamani, mkono ungalipata mkandamizo wake, lakini ndoo ikigonga udongo mgumu injini ingalizimika. Wangalipoteza fedha mara ya pili.

Je, wanunue injini kubwa zaidi? Fedha hakuna. Binti akageuza swali: ni pampu gani inayoifaa injini hii? Akajaribu lita 22. Mara 150 ni 3,300. Kwa 600 ni 5.5, kwa 0.85 ni karibu 6.5, yaani chini ya farasi 9. Pampu hiyo injini yaweza kuizungusha. Mkono utakwenda polepole zaidi, lakini nguvu ya ndoo haitapungua, kwani nguvu hutoka katika mkandamizo, na wingi wa lita huleta mwendo tu. Mkubwa alilitazama daftari kwa muda mrefu, kisha akasema, «Dada, fedha yako niliyoichukua ndiyo ingalinifundisha haya.» Hakuna aliyemjibu.

Pampu ya lita 22 ilipatikana. Kazi ya mitaro ilianza ikiwa imechelewa, na mvua iliwakuta hawajaimaliza. Karo ililipwa kwa fedha ya kwanza waliyopata, lakini binti alikuwa amekwisha kukaa nyumbani majuma sita, na majuma hayo ilimbidi kuyafuata usiku kwa taa. Hatusemi haya ili kumwaibisha kijana yule, ambaye leo ni fundi mwangalifu. Twasema ili nyumba nyingine isilipe gharama ileile.

Kwa hiyo, yeyote atakaye kufufua mtambo wa namna hii, na afuate utaratibu.

Kwanza, atazame chuma. Atikise mkono wa mtambo na kuona kama pini zacheza katika matundu yake. Pini zikicheza, bushi zitengenezwe upya kwa mashine ya kuchongea. Katika nchi yetu jambo hili lisitushinde, kwani bushi njema ni za shaba iliyochanganywa na bati. Shaba ni ya hapa kwetu, na bati limechimbwa Manono. Akague pia viungo vilivyochomelewa, hasa shingo ya mkono na ndoano ya kuvutia, kwa maana ndoano ikikatika barabarani mtambo huenda wenyewe na kuua watu.

Pili, atazame mafuta. Tangi lioshwe, chujio libadilishwe, mipira iliyopasuka itupwe, na mipira midogo ya kuzuia mafuta katika jeki iwekwe mipya. Fimbo ya jeki ikiwa na kutu yenye mashimo, itakata mpira mpya kwa siku chache tu.

Tatu, apime pampu, apige hesabu. Nne, na mwisho kabisa, anunue injini. Aangalie unene wa mhimili wake: wa inchi moja ni milimeta 25.4, na ule wa milimeta 25 hufanana nao kwa macho, lakini ukiuunganisha na kiungo cha inchi utatikisika na kuvunja kila kitu. Aangalie pia injini yazunguka upande gani, kwani pampu nyingi hukubali upande mmoja tu. Na kabla ya kuiwasha, ajaze mafuta na kuizungusha kwa mkono, ili pampu isizunguke kavu.

Kuna maneno mawili ambayo twawaomba wazazi wayarudie kwa vijana wao. La kwanza: mtu asitafute tundu la mpira kwa kidole. Mafuta yatokayo katika tundu dogo kama la sindano hupenya ngozi na kuingia mwilini. Kidonda chaonekana kidogo, wala hakiumi sana mwanzoni, lakini mkono waweza kuoza. Tumia kipande cha katoni, na aliyepatwa apelekwe hospitali saa ileile. La pili: mtambo huchimba upesi, na mtaro wenye kina kirefu huanguka upesi pia. Meta moja ya ujazo ya udongo ina uzito wa tani moja na nusu au zaidi. Asiingie mtu katika mtaro unaopita meta moja na nusu, isipokuwa kuta zake zimeegemezwa kwa mbao au zimelazwa. Na udongo uliotolewa usirundikwe ukingoni.

Wahenga walisema: mali bila daftari huisha bila habari. Nyumba ile ya Katuba ilikuwa na daftari na mtu ajuaye kulisoma, lakini ilimtoa shuleni ili inunue chuma. Wazazi, tunawasihi: mkitaka kununua mtambo, nunueni. Lakini fedha ya karo msiiguse. Na siku mtakapoketi kupanga ununuzi, mwiteni yule mtoto aliye na daftari, aketi pamoja nanyi kabla fedha haijatoka sandukuni.