Mkaazi wa Wapi?



Mtaa wa Kongo, hapa Kariakoo, hupokea kila siku wageni wa Kongo yenyewe, wa Zambia, Malawi na Burundi. Hata jina la Kariakoo limetokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Mwingereza katika Vita Kuu ya Kwanza.

Viongozi wa jumuiya huulizwa: mtu mwenye mke na watoto Ilala, naye afanya kazi Lubumbashi miezi minane kwa mwaka, ni mkaazi wa wapi? Wengi hukimbilia barua ya serikali ya mtaa. Barua hiyo yafaa, lakini yaonyesha nyumba tu. Haimalizi shauri mbele ya ofisi ya kodi wala ya uhamiaji.

Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004, kifungu cha 66, humwita mkaazi yule mwenye makazi ya kudumu nchini aliyekuwapo hapa sehemu yoyote ya mwaka, hata ikiwa ni juma moja la Krismasi. Asiye na makazi ya kudumu huhesabiwa siku zake: 183 au zaidi katika mwaka, au wastani wa zaidi ya 122 kwa mwaka huo na miwili iliyotangulia. Basi ndugu yetu wa Lubumbashi, aliyedhani ameachana na kodi ya nyumbani kwa kuwa hulala ugenini, bado ni mkaazi wa Tanzania, na mapato yake ya huko nayo yahesabiwa. Sheria hiyohiyo humpa nafuu kwa kodi aliyokwisha kulipa huko, mradi awe na uthibitisho. Wangapi hutunza stakabadhi?

Uhamiaji una kipimo kingine. Mgeni aweza kutimiza siku 183, akadaiwa kodi kama mkaazi, na bado asiwe na ruhusa ya kuuza hata soksi. Anayeajiriwa huhitaji kibali cha kazi cha Kamishna wa Kazi, kisha kibali cha ukaazi cha Uhamiaji. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2010, yataja haki ya kufanya kazi na kukaa, lakini haikufuta vibali.

Julai 2025 Serikali ilitoa amri ya kuwakataza wasio raia aina 15 za biashara, nyingi zikiwa za kujipatia riziki ndogo ndogo. Mgeni aliwekewa faini isiyopungua shilingi milioni 10, na Mtanzania anayemsaidia kukiuka milioni 5. Kilio cha wachuuzi wetu kilikuwa cha kweli, nasi hatukibezi. Lakini tusichanganye tajiri mwenye ghala na kijana wa Kimalawi anayepanga marobota bila mkataba.

Kijana huyo mara nyingi hana pasipoti mkononi. Imefungiwa kabatini kwa mwajiri. Mihuri ya kuingia na kutoka ndiyo ushahidi wa siku zake. Kiongozi anayeletewa shauri la namna hii aanze hapo: pasipoti irudishwe kwa mwenyewe, na nakala ya kila ukurasa wenye muhuri ihifadhiwe mahali pengine.