Kabla Basi la Misheni Halijaondoka Kwenda Pwani



Najua vijana wa makanisa mengi wanapanga misheni ya pwani likizo hii. Fulana zimechapishwa, basi limelipiwa. Nipe dakika tano.

Swali langu ni moja: mkisharudi, kile kijiji kitabaki na nini? Ninyi mtabaki na picha. Wao je?

Siku tatu za kuogelea, kuimba ufuoni na kugawa unga mbele ya kamera ni matembezi mazuri. Yafurahie, lakini usiyaite huduma. Yesu ametuonya katika Mathayo 6 kuhusu sadaka inayopigiwa tarumbeta, na siku hizi tarumbeta iko mfukoni mwako.

Sasa fungua Kumbukumbu la Torati 22:6-7. Katikati ya sheria nzito, Mungu anasimama kuzungumzia kiota cha ndege. Ukimkuta mama amelalia mayai au makinda, usimchukue yeye pamoja na wanawe. Halafu tazama ahadi iliyofungwa hapo: upate heri na siku zako ziwe nyingi. Ndiyo ahadi ile ile ya kumheshimu baba na mama! Mungu haoni kiota kuwa jambo dogo.

Kule pwani yetu, kuanzia Lamu hadi Kwale, kuna kiota cha namna hiyo mchangani. Kasa hupanda ufuoni usiku, huchimba shimo, hutaga mayai mia moja hivi, hufukia na kurudi baharini. Baada ya kama miezi miwili vitoto hutoka na kukimbilia kwenye mwanga wa upeo wa bahari. Taa za hoteli zikiwaka nyuma yao, vinageuka na kufia nchi kavu. Vingi vinavyofika majini navyo huliwa. Ni vichache sana vinavyokua.

Nasikia mtu anasema, "Pasta, roho zinapotea na wewe unatuhubiria kasa?"

Ndiyo, kwa sababu ya mvuvi. Fikiria kasa akinasa kwenye wavu wake. Kumtoa ni kazi, na wavu unaweza kuchanika. Nyama na mafuta yake yana wanunuzi wa kichinichini, ingawa sheria ya wanyamapori ya 2013 inakataza. Nyumbani ada ya shule inadaiwa. Hata hivyo, kule Watamu wako wavuvi ambao kwa zaidi ya miaka 20 wamekuwa wakipiga simu kwa Local Ocean Conservation, kasa anachukuliwa, anapimwa na kurudishwa baharini. Mvuvi hupewa pesa kidogo za simu na muda wake, wala si bei ya kasa.

Mpendwa, mvuvi huyo pengine ni Mwislamu na hajawahi kusikia jina la kanisa lako. Lakini usiku ule ametii neno la kiota kuliko wengi wetu tunaolisoma. Kabla ya kwenda kumfundisha, kaa chini ujifunze kwake.

Kwa hiyo nasema hivi:

Kwanza, uliza kabla ya kwenda. Zungumza na wazee na kamati ya ufuo, ile wavuvi wanaiita BMU. Kazi gani imekosa mikono? Huenda wewe umepanga kupaka darasa rangi na wao wanahitaji mtu wa kufundisha hesabu.

Pili, afadhali watu wanne mwezi mzima kuliko arobaini siku tatu. Na mwaka ujao rudini kijiji kile kile.

Tatu, usimnyang'anye kijana wa pale riziki yake. Kama analipwa kupanda mikoko, usije ukaipanda bure. Lala kwao kwa malipo, kula kwa mama wa pale, lipa nauli ya mashua.

Nne, kwenye doria ya usiku mtii kiongozi wako. Akisema zima tochi, zima. Usipige picha kwa mwanga, usishike kitoto cha kasa. Kama huwezi kukaa gizani bila simu saa mbili, hiyo ndiyo mfungo wako wa kwanza.

Tano, na hili litawakwaza wengine: ukienda kuokota plastiki, okota plastiki. Ukiulizwa kwa nini umekuja, mtaje Yesu waziwazi, bila kuona haya. Lakini usifiche trakti chini ya gunia la taka. Injili haihitaji mtego. Majirani wetu wa pwani wanatambua upendo wenye ndoana ndani yake.

Kasa wa kijani huchukua miaka 20, 30 au zaidi kabla ya kutaga. Kiota utakacholinda Agosti hii, mama atakayerudi kutoka humo atamkuta mwanao ufuoni, si wewe. Paulo alipanda, Apolo akatia maji, mwenye kukuza ni Mungu (1 Wakorintho 3:6). Je, unaweza kufanya kazi ambayo hutapiga picha ya matunda yake?

Kama unaweza, nenda. Niambie hapa chini ni kijiji gani mtakwenda na nani mmeshamuuliza, tuwaombee kwa majina.

Mungu akubariki. Amina.