SKRINI ZA SERIKALI NAZO ZISEME KISWAHILI

Mgeni akishuka bandarini Unguja na kuingia vichochoro vya Mji Mkongwe pasi na mwenyeji, hauchukui muda ila atakuwa amepotea. Hata hivyo kupotea kwake si kwa kutisha, kwani kila baada ya hatua chache ipo baraza, na barazani hakosi mzee wa kumwelekeza. Mtumishi wa Serikali aliyepotea ndani ya skrini ya kompyuta hana baraza wala mzee.

Twalisema hili kwa kuitazama Dodoma. Mwaka 1973 iliamuliwa kuwa makao makuu ya nchi yahamie huko bara ya kati, na mwezi Aprili 2019 ukazinduliwa Mji wa Serikali pale Mtumba. Ndugu yetu wa Unguja au Pemba mwenye haja na wizara ya Muungano akifika Mtumba hukuta barabara pana, na vibao vya Kiswahili vikimwonyesha kila wizara ilipo. Yeye hapotei. Ajabu ni kuwa akiisha kuingia ndani, huenda akamkuta afisa wa kumhudumia ndiye anayetangatanga, macho kwenye kioo, akitafuta mahali pa kubonyeza.

Mhasibu wa zamani alikuwa na leja, daftari la fedha na hati ya malipo, na aliweza kuvifungua gizani. Leo kazi hiyo imo katika mifumo. Kwa miaka mingi ilikuwa Epicor. Sasa ni MUSE, yaani Mfumo wa Ulipaji Serikalini, uliotengenezwa na wataalamu wa hapa hapa nchini. Ununuzi nao umehamia NeST tangu mwaka 2023. Hatuna ugomvi na mifumo hii, maana imefunga mianya ambayo karatasi haikuweza kuifunga. Neno letu ni juu ya mpangilio wa skrini na lugha yake.

Aghalabu programu za kuendeshea shughuli za taasisi kubwa, ziwe za kwetu au za kigeni kama SAP, hupangwa kwa namna inayokaribiana. Juu kabisa upo mstari wenye jina la aliyeingia, taasisi yake na, kwa programu za fedha, mwaka wa fedha. Ubavuni, mara nyingi kushoto, ipo orodha ya milango mikuu: bajeti, mapato, malipo, taarifa, na kila mlango ukiufungua hutoa milango midogo. Katikati lipo jedwali la kazi zinazosubiri, pamoja na kisanduku cha kutafutia. Vitufe vya kuhifadhi, kutuma na kurudisha huwa mwisho wa fomu au pembeni mwake. Asiyeelekezwa haya huanza kusoma katikati, palipojaa, na mstari wa juu akauacha. Basi hutafuta hati nusu saa asiione, kumbe amefungua mwaka wa fedha uliokwisha pita. Mwengine huhifadhi asitume, akaenda zake nyumbani akidhani kazi imekwisha, na mfanyabiashara aliyeuza madawati ya skuli akangoja malipo yake wiki mbili.

Mzigo huu haumwangukii mhasibu peke yake. Tangu ulipoanza utaratibu wa kupeleka fedha moja kwa moja katika akaunti za vituo vya afya, na mwaka 2017 ukaletwa mfumo wa FFARS kwa hesabu za vituo na skuli, mganga mfawidhi wa zahanati ya kijijini huko Bahi au Chamwino amekuwa mtunza hesabu pia. Alisomea kutibu. Kiingereza alichonacho ni cha magonjwa na dawa. Akikutana na Kiingereza cha wahasibu, ambamo neno linalojulikana kwa maana ya ahadi hugeuka kuwa fedha iliyokwisha tengewa deni, hana la kufanya ila kukariri. Hukariri kitufe cha tatu kutoka juu, kisha cha kwanza kulia. Siku mpangilio ukibadilishwa, elimu yake yote imekwenda.

Na hapo ndipo penye hatari tunayotaka wakubwa waione. Malipo ya Serikali hulindwa kwa kupita mikononi mwa watu mbalimbali: mmoja huandaa, mwengine huhakiki, wa tatu huidhinisha. Mkubwa asiyeijua skrini yake huona haya kuuliza. Humwita kijana hodari wa ofisini, akampa nywila yake, na kijana akaandaa, akahakiki, akaidhinisha. Karatasi zitaonyesha majina matatu. Mkono ulikuwa mmoja.

Wapo wasemao Kiswahili hakina maneno ya kazi hiyo. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walishiriki kuitoa Jambo OpenOffice, programu nzima ya kuandikia na kupigia hesabu, kwa Kiswahili. Mwaka 2021 sheria ilirekebishwa, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama. Lugha iwezayo kubeba hukumu ya jaji haiwezi kushindwa na kitufe cha kutuma. Twakiri kuwa hata katika chumba chetu cha habari bado twabishana kati ya kompyuta na tarakilishi, lakini ubishi huo BAKITA na Baraza la Kiswahili la Zanzibar wanaweza kuumaliza kwa kikao kimoja.

Twaiomba Mamlaka ya Serikali Mtandao iliyoko Dodoma, na wenzao wa visiwani, wampe mtumishi uhuru wa kuchagua lugha ya skrini yake. Kila mpangilio unapobadilishwa, itolewe mapema picha ya skrini ya zamani na mpya, zikiwa zimewekwa pamoja na maelezo ya Kiswahili, ibandikwe ukutani hata katika zahanati. Tena mabadiliko hayo yasifanywe mwezi wa Juni. Mwaka wa fedha hufungwa tarehe 30 ya mwezi huo, na mtu anayekimbizana na tarehe hiyo hastahili kufungua kompyuta asubuhi akakuta kitufe alichokizoea kimehamishwa.