Majina ya faili yasiachiwe kila mtu

Majina ya faili yanahitaji kanuni, ila kubandika karatasi ya kanuni hizo ukutani hakutoshi. Ofisi yetu ya usafirishaji hapa Voi hupokea picha za risiti kutoka Mwatate, Wundanyi na Taveta. Madereva hutuma kwa WhatsApp, na faili inafika ikiitwa IMG-20250307-WA0012. Tarehe ipo, lakini nani atajua kama ni risiti ya mafuta au ya mzigo wa mkonge?

Dawa yake ni fomu. Dereva achague kituo, gari na aina ya risiti kwenye orodha, kisha programu ndogo ndani ya Google Drive itunge jina yenyewe: 2025-03-07_Taveta_mafuta_001. Mwaka utangulie, ufuate mwezi, halafu siku, kama kiwango cha ISO 8601 kinavyotaka. Ukianza na siku, tarehe 7 Machi itajipanga kando ya 7 Juni. Nambari ya mwisho nayo ni lazima, maana Drive hukubali faili mbili zenye jina moja katika folda moja bila kulalamika.

Wenzangu wenye biashara ndogo, anzeni na folda ya risiti za kodi. Mamlaka ya Mapato ya Kenya (KRA) ikiuliza, haitangoji mtafute.