MIZANI YA MAJANI NA MIZANI YA MTOTO



Katika mashamba ya majani chai mizani hailali. Kilo zikipungua, nyapara hupiga kelele na mshahara hupungua. Lakini iko mizani nyingine ambayo matajiri hawaiangalii, nayo ni ile ya chumba cha kuzalia. Mtoto aliyezaliwa na uzito chini ya kilo 2.5 huhesabiwa kuwa mdogo kupita kiasi. Hushikwa na baridi na maradhi upesi, na hatari ya kufa katika mwezi wa kwanza ni kubwa kwake kuliko kwa wenzake.

Matajiri wengine husema, "Ndivyo mlivyo, ni maumbile yenu." Tunawajibu: hapana! Katika majira ya baridi ya 1944 kuingia 1945 Wajerumani waliwazuilia chakula watu wa magharibi ya Uholanzi. Akina mama walioshikwa na njaa miezi ya mwisho ya mimba walizaa watoto waliopungua karibu gramu 300. Chakula kiliporudi, uzito wa watoto nao ukarudi. Je, maumbile ya Waholanzi yaligeuka kwa miezi michache? Kilichogeuka ni chakula.

Sasa tutazame kwetu. Mama mwenye mimba asiyekula vizuri hupungukiwa na damu, na mtoto hukosa nguvu tumboni. Kwa wenzetu wa mashamba ya miwa upande wa Ziwa, na wale wa Pwani, malaria hujificha katika kondo la nyuma, mahali penyewe mtoto anapopokea chakula chake. Mama aweza kujiona mzima, kumbe mtoto anadhoofika. Na kubeba mizigo mizito na kusimama saa nyingi huongeza hatari.

Dawa ya mambo haya si siri: chakula cha kutosha, vidonge vya kuongeza damu, chandarua chenye dawa, kupimwa presha, na dawa ya kukinga malaria inayotolewa kliniki katika sehemu hizo baada ya miezi mitatu ya kwanza. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilisema mama mwenye mimba aonwe angalau mara 8. Lakini anayelipwa kwa kilo akienda kliniki, siku hiyo hana kilo. Achague nini, kliniki au unga?

Hatusemi kila mtoto mdogo ni kosa la tajiri. Wako mapacha, wako wanaozaliwa kabla ya siku zao, na tumbaku na pombe zina lawama yake. Lakini njaa, uchovu na kukosa kliniki ni mambo ya mshahara na kazi, na hayo ndiyo kazi ya chama.

Sheria ya 1976 ilimpa mama likizo ya miezi miwili, kisha ikamnyang'anya likizo yake ya mwaka. Sheria ya 2007 inampa miezi mitatu kwa mshahara kamili, likizo ya mwaka haiguswi, na mimba si sababu ya kufukuzwa. Ni vizuri. Lakini uzito wa mtoto hujengwa kabla ya likizo, mama akiwa bado na kikapu mgongoni. Kwa hiyo katika mapatano yajayo tunadai:

1. Siku ya kliniki ilipwe kama siku ya kazi.
2. Mama mwenye mimba apewe kazi nyepesi bila kupunguziwa mshahara.
3. Maji safi na mahali pa kupumzika viwe karibu na kazi.
4. Vibarua nao wapate haya yote.

Na ninyi wanachama wanaume, sikilizeni. Madai ya namna hii huandikwa mwisho, na mezani huwa ya kwanza kuachwa, kwa kuwa eti ni "mambo ya wanawake." Mtoto huyo mdogo anaitwa kwa jina la nani? Njooni mkutanoni, mnyoshe mikono, madai haya yaandikwe juu.

Umoja ni nguvu!